Spika za kuunganisha: Faida iko kwenye boksi, si kwenye namba ya wati

WAFANYABIASHARA wa Mbulu na Hanang wanaotaka kuingiza fedha zao katika vyombo vya muziki baada ya mavuno wana njia mbili. Ya kwanza ni kununua spika zilizokamilika kutoka Arusha au Dar es Salaam. Ya pili ni kununua spika tupu, yaani sumaku, koili na karatasi yake, kisha kuwapa seremala na fundi redio wa Katesh, Mbulu mjini, Haydom au Dongobesh kazi ya kuunda boksi na kufunga waya.

Njia ya pili ina mvuto wake. Fedha ya kazi inabaki hapa nyumbani, na spika ikiharibika fundi aliyeiunda yupo karibu. Lakini ndiyo njia inayoteketeza mtaji haraka pale mnunuzi anapotazama namba ya wati iliyobandikwa nyuma ya sumaku na kusahau mengine yote. Maelezo yafuatayo ni kwa mwekezaji mdogo anayetaka kujua anachonunua kabla hajatoa fedha.

SOKO LINATAKA NINI

Wateja wa vyombo hivi ni wa aina tatu. Wa kwanza ni wa harusi, kipaimara, ubarikio na sherehe nyingine za nyumbani. Hawa hufuata fedha ya shambani: ngano, mahindi na maharage kwa Hanang, kitunguu saumu na maharage kwa Mbulu. Wakati wa Kwaresima harusi hupungua, na mwenye vyombo hana budi kuiweka miezi hiyo katika hesabu yake.

Wa pili ni makanisa, shule na mikutano ya vijiji. Hawa wanahitaji maneno yasikike vizuri kuliko besi. Wa tatu ni wenye baa, maduka na wachuuzi wa minadani, ambao vyombo vyao hufanya kazi siku nzima kwenye vumbi, mara nyingi kwa betri ya gari au umeme wa jua.

Spika moja haiwezi kuwaridhisha wote watatu. Sauti ya mtu hueleweka hata ikipita kwenye masafa finyu. Simu za zamani zilibeba masafa ya kati ya hezi 300 na 3,400 tu, na watu walielewana. Kwa hiyo anayelenga mikutano na minada hana haja ya boksi zito la inchi 15. Spika ya honi, ile yenye mdomo mpana kama tarumbeta, itampa sauti ya kufika mbali kwa umeme kidogo.

NAMBA YA WATI

Wati si kipimo cha ukubwa wa sauti. Ni kipimo cha umeme ambao spika inaweza kupokea bila kuungua. Kinachoonyesha ukubwa wa sauti ni desibeli zinazotoka pale spika inapopewa wati 1 na kusikilizwa kwa umbali wa mita 1. Namba hii huandikwa kwenye karatasi ya maelezo ya spika nzuri.

Tofauti yake kwa fedha ni kubwa. Kila desibeli 3 zinazoongezeka ni sawa na kuongeza nguvu ya ampu mara mbili. Spika ya desibeli 94 ikipewa wati 25 italia sawa na spika ya desibeli 88 iliyopewa wati 100. Spika ya honi yenye desibeli 105 ikipewa wati 1 itailingana spika ya desibeli 90 iliyopewa wati zaidi ya 30. Mwenye betri moja ya gari anaelewa mara moja maana ya hesabu hiyo.

Zipo pia namba za kuuzia, hasa ile iitwayo PMPO iliyoenea kwenye redio kaseti za miaka ya 1990. Namba hiyo haina kanuni moja inayokubalika, na redio ndogo ya meza inaweza kuandikwa maelfu ya wati. Namba ya kuuliza ni wati za mfululizo, zinazoandikwa RMS.

Kwa ampu za volti 12 kuna kipimo rahisi kinachoumbua udanganyifu. Ampu isiyo na kifaa cha ndani cha kupandisha volti, hata ikiwa imeunganishwa kwa mtindo wa daraja, haiwezi kuvuka kikomo hiki: volti 12 zidisha kwa 12, kisha gawanya kwa mara mbili ya omu za spika. Kwa spika ya omu 4 jibu ni wati 18. Bila mtindo wa daraja ni wati 4.5 tu. Ampu ndogo ya aina hiyo iliyoandikwa wati 500 inauza karatasi.

KWA NINI BOKSI NI MUHIMU

Karatasi ya spika inaposukuma hewa mbele, nyuma inaivuta. Mawimbi haya mawili yakikutana hufutana, na besi ndiyo inayopotea kwanza. Ndiyo maana spika tupu ikishikwa mkononi hulia kama kopo, lakini ikiwekwa kwenye tundu la ubao mpana sauti hujaa ghafla. Kazi ya boksi ni kutenganisha mbele na nyuma.

Kwa miaka mingi ukubwa wa boksi ulikuwa suala la kubahatisha. Mwaka 1961 Neville Thiele wa Australia alichapisha njia ya kuukokotoa, na mapema miaka ya 1970 Richard Small aliiendeleza. Mpaka leo viwanda hutumia vipimo vyao, na spika tupu ya kuaminika huja na karatasi inayovitaja. Muuzaji asiye na karatasi hiyo anakuuzia bahati nasibu.

Maboksi ni ya aina mbili kuu. Lililofungwa kabisa ni rahisi kuunda, na hewa ya ndani inakuwa kama springi inayoilinda karatasi isirushwe kupita kiasi. Lenye bomba hutoa besi zaidi kwa nguvu ileile, lakini ni lazima urefu wa bomba ulingane na ukubwa wa boksi. Likikosewa, besi huvuma kwa noti moja na spika huweza kuchanika. Ambaye hana karatasi ya vipimo afadhali achague lililofungwa.

Huu hapa mfano wa boksi la spika ya inchi 12 ambayo karatasi yake inataka lita 60 na bomba la masafa ya hezi 45. Ndani ya boksi kuwe na upana wa sentimita 35, kina cha sentimita 30 na urefu wa sentimita 62. Hizo ni lita 65; ukitoa nafasi ya sumaku, bomba na vipande vya kona zinabaki kama 60. Bomba ni la plastiki la maji taka la inchi 4, lenye tundu la sentimita 10.

Urefu wake unapatikana hivi. Zidisha kipenyo kwa kipenyo, yaani 10 mara 10, kisha zidisha kwa 23,562. Gawanya kwa 45 mara 45, kisha kwa lita 60. Unapata 19.4. Toa kipenyo kilichozidishwa kwa 0.73, yaani 7.3. Jibu ni sentimita 12. Fundi anayekata bomba kwa kukadiria kwa macho hajui kwa nini boksi moja linalia vizuri na jingine linavuma.

Mbao ngumu ya kipande kimoja hupasuka inapokauka, na chipbodi hufura ikipata unyevu, jambo la kuangalia katika baridi na ukungu wa nyanda za juu za Mbulu. Plaiwudi ya milimita 18 ndiyo ya kutegemea. Ubao mmoja wa futi 4 kwa 8 ukipangwa vizuri hutoa maboksi mawili ya vipimo hivyo. Viungo vyote vipakwe gundi ya mbao, si misumari peke yake, na kuta za ndani zifunikwe sifongo ya godoro.

OMU NA KAPASITA

Spika mbili za omu 8 zikiunganishwa sambamba huwa omu 4. Zikiwa nne huwa omu 2. Ampu iliyotengenezwa kwa omu 4 ikibebeshwa omu 2 hupata joto na kuungua, mara nyingi katikati ya sherehe. Spika nne za omu 8 ziunganishwe mbili mbili mfululizo, kisha jozi hizo sambamba. Ampu itaona omu 8.

Twita haiwezi kupewa besi. Inahitaji kapasita isiyo na upande wa chanya na hasi. Kwa twita ya omu 8, kapasita ya maikrofaradi 4.7 huanza kupitisha sauti kwenye hezi 4,000 hivi. Ukiiweka kapasita hiyohiyo kwenye twita ya omu 4, kiwango kinapanda hadi hezi 8,000 na sauti za kati zinakosekana. Hapo inatakiwa ya maikrofaradi 10. Kifaa hiki kidogo ndicho kinacholinda twita isiungue.

KUTAFUTA HITILAFU

Kabla ya kununua spika mpya, fundi apite hatua hizi.

Spika haitoi sauti. Ibadilishe waya na ile ya upande wa pili. Tatizo likihama na waya, kosa ni la ampu au waya. Likibaki, pima spika kwa mita: ya omu 8 nzima husoma kati ya 5.5 na 7, na ya omu 4 husoma kama 3 hadi 3.5. Mita isiposoma kitu, koili au nyuzi zake zimekatika.

Sauti inakwaruza. Zima ampu na usukume karatasi taratibu kwa vidole vya mikono miwili. Ukisikia mkwaruzo, koili imepinda au vumbi limeingia kwenye sumaku. Isiposikika, tafuta sikurubu iliyolegea au kiungo cha boksi kinachovuja hewa.

Besi imepotea ingawa spika zote mbili zinalia. Huenda moja imegeuzwa waya. Gusisha betri ya volti 1.5, chanya kwa chanya. Karatasi za spika zote mbili lazima ziruke upande mmoja.

Twita zinaungua kila mara. Ampu inalazimishwa kupita uwezo wake. Sauti iliyokatwa vichwa huongeza nguvu kwenye masafa ya juu, na twita ndiyo inayolipa. Dawa ni kuwa na spika zenye desibeli nyingi zaidi ili ampu isilazimishwe.

Atakayenunua spika iliyotumika aondoe sikurubu na kutazama nyuma. Maporomoko ya tope ya Mlima Hanang ya tarehe 3 Desemba 2023, yaliyoua watu zaidi ya 80, yaliingia mpaka mjini Katesh na kuharibu mali nyingi. Karatasi iliyowahi kulowa huwa na mawimbi na doa, na kutu huonekana kwenye sumaku. Spika ya namna hiyo haifai kwa bei yoyote. Na mwenye stoo asiweke vyombo sakafuni.

HESABU YA MTAJI

Hesabu hii ni mfano wa kufundishia, si bei ya soko. Tuseme jozi ya spika na ampu imegharimu Sh. 600,000. Inakodishwa kwa Sh. 40,000 kwa siku, na usafiri pamoja na kijana wa mitambo huchukua Sh. 15,000. Faida ya siku ni Sh. 25,000, na mtaji hurudi baada ya siku 24 za kazi. Mwenye kazi mbili kwa wiki atasubiri wiki 12.

Sasa spika moja ya Sh. 120,000 iungue. Karibu siku 5 za kazi zimekwenda, na kama ni msimu, mteja aliyeaibika hatarudi. Kapasita na sentimita 12 za bomba hazina uzito kwenye gharama, lakini ndizo zinazoamua kama mtaji utarudi.

Mwekezaji akumbuke pia kwamba tangu 2015 zipo kanuni za kudhibiti kelele chini ya Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004. Kabla ya kukubali kazi ya usiku, mwenye shughuli aonyeshe kibali chake.

Kabla ya kutoa fedha, dai mambo manne: karatasi ya vipimo vya spika, wati za RMS, desibeli zake, na jaribio la saa moja kwa ampu utakayotumia. Muuzaji au fundi anayekataa jaribio amekwisha kukupa jibu.