Keja Kubomolewa Bila Notisi? Wasee wa Garsen, Rada ya Kortini Ndio Hii

Tuseme familia yenu imekaa kwa hiyo ploti Garsen tangu enzi za babu, na title deed hakuna. Asubuhi moja tingatinga inatokea na makarao nyuma. Utajiuliza, "sina karatasi, kortini nitasema nini?" Uko na ya kusema, tena mob.

Fuata Mto Tana hadi Garissa. Disemba 2010 watu wa Medina walibomolewa manyumba, wakaachwa nje na watoto. Wasee 1,123 wakashtaki serikali kwa High Court ya Embu. Novemba 2011 Jaji Daniel Musinga akaamuru kila mmoja alipwe laki mbili, jumla Ksh 224.6 milioni, na warudishwe kwa hiyo ardhi.

Halafu kuna Mitumba, kijiji kilichokuwa karibu na Wilson Airport. Kilibomolewa 2011, wakaazi wakashinda kesi 2013, wakapigwa chini kwa rufaa 2016. Januari 2021 Supreme Court ikasema ukijenga home kwa ardhi ya umma, haki yako ya makao inaweza kulindwa hata kama huna title. Karibu miaka kumi, buda. Korti si M-Pesa.

Kwa hivyo usingoje nyumba ianguke. Kifungu cha 43 cha Katiba kinakupa haki ya makao, na Sheria ya Ardhi, vile ilibadilishwa 2016, inataka notisi ya miezi mitatu kabla ufurushwe. Ukiipata, usiikunje ukaweka mfukoni. Hiyo miezi ndio time yako ya kuomba korti isimamishe mambo. Kama ploti ni ya mtu binafsi, notisi bado ni haki yako, lakini kubaki hapo ni story ingine ngumu.

Doo za kufungua kesi ya haki za Katiba? Kifungu cha 22 kinasema hakuna ada, na ikibidi korti inaweza kupokea hata karatasi za kawaida. Wakili ndio atakugharimu, so jirani wote mshtaki pamoja kama Medina. High Court nayo iko hapo hapo Garsen.

Leo piga picha za nyumba, toa kopi ya kila barua ya chifu, na andika majina ya wazee wanaojua mlifika lini. Weka hizo kopi kwa mtu anayeishi mbali na mto, juu Tana ikifurika haiulizi hiyo ni exhibit ya nani.