Futi ya vifundo

Ni futi ya plastiki ya inchi 60, ile ile ambayo mafundi cherehani huitundika shingoni. Kilichonishika ni vifundo vyake. Kila inchi ina kifundo kimoja cha uzi wa kushonea viatu. Kila inchi ya tano ina viwili vilivyobanana, na kila ya kumi ina kimoja kinene kama kunde. Vyote vimepitishwa katikati ya futi, maana ukitoboa ukingoni, plastiki huchanika.

"Ya kwanza ilichanika hivyo hivyo," anasema aliyeitengeneza, mwalimu mstaafu wa ufumaji anayeishi Gulwe, wilayani Mpwapwa, Dodoma. "Hii ya tatu, mwanangu, na bado ina kasoro. Gusa kumi na tano. Haya, gusa ishirini na tano. Utazijuaje?"

Ni kweli, zote zina vifundo viwili. Mfumaji hana budi kurudi nyuma kuhesabu kunde. Mwalimu amefikiria kuongeza shanga, ila shanga hunasa kwenye sufu.

Futi hiyo ni ya kijana asiyeona, aliyejifunza kwake kufuma masweta ya shule kwa mashine. Wanaodhani Dodoma ni jua tu hawajakutana na upepo wa Juni. Soko la masweta lipo. Kijana huhesabu sindano za mashine kwa ncha za vidole, na uzi ukikatika hujua kwa mkono kabla hajaambiwa. Rangi ndiyo inayomshinda. Mama yake humpangia sufu ya bluu kapu la kushoto, ya kijani la kulia. Mama akienda shambani na mdogo mtu akayachezea makapu, kazi imesimama.

Nikamuuliza Mwalimu kama vijana wa aina hii wana pa kwenda wakishavuka miaka kumi na sita. Akacheka. Pa kwenda papo, akasema. VETA, mamlaka ya ufundi stadi, ipo tangu 1994. Vyuo vya maendeleo ya wananchi, alivyovianzisha Nyerere mwaka 1975 kwa kuiga Uswidi, havimfungii mlango aliyeishia darasa la saba, na kimojawapo, Chisalu, kiko humu humu Mpwapwa. Watu wenye ulemavu wana vyuo vyao: Yombo kule Dar es Salaam, Luanzari kule Tabora. Reli ya Kati inayopita Gulwe inafika miji yote miwili.

"Sasa mpandishe treni mtoto asiyeona, peke yake, usiku," anasema. "Nani anamshika mkono akishuka? Nauli ya huyo wa kumshika mkono iko fungu gani?"

Kinachomuudhi zaidi ni mazoea ya kuanza na cheti. Kijana akitajwa, watu huuliza kwanza alipata divisheni gani kidato cha nne. "Hakuna anayeniuliza vidole vyake vina akili kiasi gani," anasema, na hapo sauti inapanda. Mkondo wa amali ulioanza sekondari mwaka 2024 anaupokea vizuri, ila anataka kuona karakana kabla hajapiga makofi. Mimi niko upande wake.

Halafu kuna mashine. Kijana akimaliza mafunzo, ya chuo hubaki chuoni. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 2 kati ya hizo ni za watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo imezoeleka kupitia vikundi, na mfumaji wetu anahitaji wenzake. Mwalimu anamjua mmoja: msichana kiziwi wa miaka kumi na saba, mwepesi wa mikono, ambaye hajawahi kukaa darasani. Kila akienda kumuulizia, nyumbani huambiwa binti anaumwa.

"Anaumwa nini?" nikauliza.

"Ndiyo hilo sijajibiwa."

Atakwenda tena baada ya mavuno ya uwele, safari hii na mwenyekiti wa kitongoji.