Unakaa Wapi, Ndugu?

Leo tunataka kuzungumza nanyi juu ya swali dogo ambalo huulizwa katika ofisi nyingi za Nairobi, nalo huwatoa watu jasho: "Unakaa wapi?"

Kijana wa Gatwekera au wa Laini Saba hujibu, "Barabara ya Ngong." Mwenzake wa Kawangware husema, "Lavington," na kweli Lavington ni jirani, mwendo wa miguu tu. Watu hucheka jambo hili. Sisi hatucheki, kwa sababu tunajua ya kuwa wako waajiri ambao wakisikia jina la Kibera huiweka barua kando. Kijana huyo hasemi hivyo kwa kupenda uongo, anaogopa. Lakini mtu akilificha jina la kwao mara kumi, mara ishirini, hutokea nini ndani yake?

Wenye elimu ya nafsi, yaani saikolojia, na wenye elimu ya jamii wamelichunguza jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka 1902 Mmarekani mmoja, Charles Horton Cooley, alieleza ya kwamba watu wengine ni kioo ambacho kila mmoja wetu hujitazama ndani yake. Kwanza tunawaza jinsi tunavyoonekana machoni pao. Kisha tunawaza wanatuhukumu namna gani. Halafu tunaona fahari au aibu kwa kadiri ya mawazo hayo. Angalieni vizuri, ndugu zetu: kazi yote hiyo hufanyika katika mawazo yetu wenyewe. Yule mwingine pengine hajafungua kinywa.

Wasomaji wa kitabu cha Hesabu watakuwa wamekwisha kuikumbuka sura ya 13. Musa alituma watu 12 kuipeleleza Kanaani. Kumi kati yao walirudi na habari za majitu, wakasimulia jinsi walivyojiona wadogo kama panzi, na ya kuwa wale wenyeji nao waliwaona vivyo hivyo. Ni nani aliyewaambia? Walikwenda kwa siri. Hawakumwuliza jitu hata mmoja. Yoshua na Kalebu waliipita nchi ileile, wakaiona miji ileile yenye kuta, wala hawakukana kuwa wenyeji ni warefu. Wao walijitazama katika kioo kingine.

Na kioo cha ulimwengu mara nyingi kimepinda. Kwa miaka mingi wageni na magazeti walirudia kwamba Kibera ina watu milioni moja, wengine hata zaidi. Sensa ya mwaka 2009 ilipofanywa, iliwahesabu watu 170,070. Wako waliobishana na hesabu hiyo, na sensa yoyote yaweza kuwakosa watu wengi katika vichochoro. Lakini ile milioni ilikuwa ya kukisia, ikapita kinywa hata kinywa mpaka ikawa kama kweli. Ikiwa ulimwengu ulikosea hesabu ya vichwa, je, hauwezi kukosea ulipokadiria yaliyomo ndani ya vichwa hivyo?

Hata hivyo hatupendi mtu yeyote aseme ya kwamba utu wa mtu ni habari ya moyoni peke yake. Jina la Kibera latokana na neno la Wanubi lenye maana ya msitu. Wanubi walitoka Sudan, wakawa askari wa Kiingereza katika jeshi la King's African Rifles, wakapewa nafasi ya kukaa pale mwanzoni mwa karne ya 20. Wajukuu wao walisumbuka miaka na miaka kupata kitambulisho, kwa kuwa walitakiwa kuthibitisha asili yao kuliko jirani zao. Mwaka 2011 kamati ya Afrika inayoshughulikia haki za watoto iliamua kwamba Kenya imewakosea watoto wa Kinubi katika jambo la uraia, na mwaka 2017 serikali iliwapa Wanubi wa Kibera hati ya ardhi ya ekari 288. Mtu asiye na kitambulisho hupata shida kuajiriwa, hupata shida hata kufungua akaunti ya benki. Kumwambia ajithamini tu, kisha tumpungie mkono wa kwaheri, ni kumwacha na njaa yake.

Sasa tuje kwenye mafanikio. Mwaka 1890 William James, mwalimu mkuu katika elimu ya nafsi huko Marekani, aliandika ya kwamba jinsi mtu anavyojithamini ni kama hesabu ya kugawanya: yale aliyoyafanikisha, yagawanywe kwa yale aliyoyatarajia. Ni hesabu nzuri, ila twaona ina upungufu. Nani anayepanga hayo matarajio? Mama wa Kawangware avukaye kila alfajiri kwenda kufua nguo katika nyumba zenye mageti marefu hupangiwa na yale mageti. Amesomesha watoto watatu kwa kufua, lakini akigawanya kwa gari la tajiri wake, jibu lake kila siku ni sifuri na nukta.

Albert Bandura naye, mwaka 1977, alionyesha ya kuwa imani ya mtu kwamba "hili naliweza" ina mizizi yake. Mzizi wenye nguvu kuliko yote ni kuwa amekwisha kulifanya, hata kwa udogo. Wa pili ni kumwona mtu aliye kama yeye akilifanya. Kuhimizwa kwa maneno kuna msaada, ila ni hafifu zaidi. Hapa wahubiri wengi tumeitumainia njia iliyo hafifu. Tunapanda mimbarani tukisema, "Jiamini! Sema wewe ni mshindi!" Kijana husema, akatoka nje, matope ni yaleyale. Afadhali apewe daftari la hesabu la kwaya alitunze mwaka mzima bila kasoro. Kennedy Odede, aliyekulia Kibera, alianzisha chama cha SHOFCO mwaka 2004, akianza kwa mpira wa bei rahisi wa kuwakusanya vijana wenzake. Vijana wa Kibera walimwona wa kwao akitenda. Hilo halipatikani kwa mahubiri.

Lakini tusichanganye mambo. Kufanikiwa ni kitu kimoja, na thamani ya mtu ni kitu kingine. Sisi tunaokiri kuokolewa kwa neema twasema Mungu alitupenda kabla hatujatimiza lolote, na hapo hesabu ya kugawanya haiingii. Paulo aliwaandikia Wafilipi, katika sura ya 3, akiorodhesha kabila lake, elimu yake na bidii yake, kisha akayahesabu yote kuwa hasara kwa ajili ya Kristo. Bali katika Matendo sura ya 22, askari walipomfunga ili wampige mijeledi, aliutaja uraia wake wa Kirumi mara moja, bila haya. Kitambulisho alikitumia, hakukiabudu.

Basi huyo kijana ajibu nini ofisini? Tungependa aseme Kibera, na aseme akiwa ameinua uso. Lakini si haki kumtwika yeye peke yake mzigo huo. Mzee wa kanisa anayemfahamu aweza kumwandikia barua inayotaja kazi aliyoifanya, pamoja na lile daftari la kwaya. Na ninyi wapendwa mnaokaa viti vya mbele Jumapili, baadhi yenu ndio mnaozifungua barua hizo Jumatatu asubuhi. Barua ya mtu wa Laini Saba ikifika mezani pako, isome mpaka mwisho.