Sura ya Nne: Pima Mzigo Ukiwa Mgongoni

Kuna taa moja niliyoiunda mwenyewe ambayo ilinitesa wiki nzima. Ndani yake niliweka seli mbili nilizozitoa kwenye betri ya kompyuta mpakato iliyochoka, zile za mviringo zenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, ambazo kwa vipimo hivyo huitwa 18650. Nilizifunga sambamba katika kikasha cha plastiki chenye springi, nikaunganisha bodi ndogo ya chaji ya TP4056, kisha bodi ya kupandisha umeme hadi volti 5 ili niweze pia kuchaji simu. Taa iliwaka vizuri. Lakini kila nilipochomeka simu, chombo chote kilizima. Nikichomoa simu, taa inarudi.

Nilipima betri kwa mita, ikasoma karibu volti 4. Nikasema betri ni nzima, basi mbovu ni bodi ya kupandisha. Nikaing'oa, nikanunua nyingine, nikakaa usiku nikilehemu. Nilipochomeka simu, giza lilelile.

Nilikuwa nimepima betri ikiwa imelala. Seli ya lithiamu iliyojaa husoma volti 4.2, na ikikaribia 3 imekwisha. Lakini namba hizo ni za seli iliyopumzika. Seli iliyochakaa, ambayo ukinzani wake wa ndani umekuwa mkubwa, inaweza kusoma 4.1 ikiwa mezani, halafu ukiidai ampia 1 inaporomoka mbele ya macho yako. Ni kama mtu anayesema ana nguvu akiwa amekaa kitini. Mtwishe gunia kwanza. Kwa hiyo washa chombo, kiache kifanye kazi, ndipo uweke ncha za mita.

Nikafanya hivyo. Taa ikiwa inawaka, nilianza pale umeme unapoanzia. Kwenye chuma chenyewe cha seli: volti 3.9. Pale nyaya za kikasha zinapoingia kwenye bodi ya chaji, penye maandishi B+ na B-: 3.55. Mahali pa kutokea, OUT+ na OUT-: 3.5. Soma tena namba hizo taratibu. Bodi ya chaji ilikula volti 0.05 tu, jambo la kawaida kabisa. Volti 0.35 zilipotelea njiani kabla umeme haujafika kwenye bodi yoyote, ndani ya springi nyembamba na nyaya zake kama nywele. Seli zilikuwa nzima na bodi zote mbili zilikuwa nzima.

Utauliza, volti 0.35 zinawezaje kuzima chombo kizima? Hapa ndipo penye utamu wa somo hili. Bodi ya kupandisha hulinda volti 5 zake kwa kila njia. Umeme unaoingia ukipungua volti, yenyewe huvuta ampia nyingi zaidi ili kufidia. Taa peke yake ilidai kama ampia 0.8. Simu ikiongezwa, mahitaji yanapita ampia 2, na kwenye springi ileile upotevu unakua kwa kadiri ya ampia. Volti zikishuka, bodi inavuta zaidi. Ikivuta zaidi, volti zinashuka tena. Mzunguko huo huisha kwa kitambo kidogo sana, bodi ikakata moto. Ukichomoa simu mzigo unapungua, na taa inawaka tena.

Si kila mara kosa liko kwenye waya. Ukikuta B+ na B- zina volti 3.7 lakini OUT+ na OUT- hazina kitu, ulinzi wa bodi ya chaji huenda umejifunga. Hutokea mara nyingi baada ya kuunganisha seli kwa mara ya kwanza. Chomeka chaja kwa muda mfupi, utafunguka. Kiungo cha lehemu kilichopoa vibaya hutambulika kwa rangi iliyofifia na ufa mwembamba kama pete kuuzunguka mguu wa kifaa. Kipashe moto upya, ongeza lehemu kidogo, na usikitikise mpaka kigande.

Ukishuku shoti, usiunganishe betri moja kwa moja. Pitisha waya mmoja kwenye balbu ndogo ya tochi ya zamani kabla ya kufika kwenye bodi. Balbu ikiwaka kwa nguvu zote na kubaki hivyo, shoti ipo, na balbu imeubana mkondo kabla haujachoma kitu. Mimi sikosi balbu hiyo mezani.

Seli zenyewe nazo zina masharti, na hapa sibembelezi mtu. Iliyovimba, iliyotoboka au inayopata joto ikiwa imelala, iondoe ndani ya nyumba. Iliyoshuka chini ya volti 2 usiirudishie chaji: shaba ya ndani huyeyuka na inaweza kuzaa shoti humohumo. Usifunge sambamba seli mbili zenye volti tofauti, kwa maana iliyojaa itaimwagia umeme iliyopungua bila kizuizi. Na seli kuukuu, ichaji hadi 4.2 kisha iache wiki moja bila kuigusa. Ikishuka chini ya 4, mimi siitumii.

Ile taa nilibadilisha kikasha tu. Kipya kina vibati vipana badala ya springi, na nyaya zake ni nene na fupi. Simu inachaji taa ikiwaka. Bodi ya kwanza, ile niliyoing'oa usiku ule, niliipima baadaye ikiwa na mzigo: ni nzima.