Gitaa la bei ghali katika nyumba yenye watoto

KAMA nyumbani kwako kuna gitaa kubwa la bei ghali, huenda watoto wako wamelizoea neno moja kila wakilisogelea: “Usiguse!”

Katazo hilo lina sababu. Gitaa jipya la Martin D-28, kwa mfano, huuzwa kwa zaidi ya dola 3,000 za Marekani. Kwa fedha hizo familia inaweza kununua pikipiki ya biashara na chenji ikabaki.

Lakini katazo likidumu miaka na miaka, mtoto hujifunza jambo ambalo mzazi hakulikusudia: kwamba humu ndani kuna kitu kinachothaminiwa kuliko yeye.

Mzazi, anza kwa kulifahamu gitaa lako. Umbo hilo pana huitwa dreadnought, jina la manowari ya Uingereza ya mwaka 1906. Martin walianza kulitengeneza mwaka 1916 kwa ajili ya duka la Ditson la Boston, Marekani. Tumbo lake lina upana wa karibu sentimita 40, ndiyo maana hunguruma vizuri hata bila spika.

Uso wake ni ubao wa milimita chache tu, lakini nyuzi sita za chuma huuvuta kwa nguvu inayoweza kuzidi uzito wa kilo 70. Ubao huo ukikauka sana hupasuka, ukipata unyevu mwingi huvimba. Ukiliacha ndani ya gari lililofungwa juani, gundi hulegea. Madhara hayo huletwa na wakubwa mara nyingi kuliko watoto.

Sasa tumfikirie mtoto. Wa miaka saba mkono wake haulizunguki vizuri tumbo hilo, na nyuzi za chuma humuumiza vidole. Mtafutie gitaa dogo lenye nyuzi za nailoni la kujifunzia. Lile kubwa alipige mkiwa pamoja, kwa masharti machache:

• Anawe mikono na kuikausha kwanza.
• Akae chini, asilipige akiwa amesimama au akitembea.
• Avue mkanda wenye kifungo cha chuma.
• Akimaliza, lirudi kwenye kasha lake. Lisiegemezwe ukutani.

Hata hivyo, siku moja litapata mkwaruzo. Kabla hujafoka, kumbuka kwamba mkwaruzo wa juu juu haubadilishi sauti, na hata ufa fundi mzuri anaweza kuuziba. Mtoto aliyeaibishwa mbele ya wenzake kwa sababu ya gitaa anaweza asiliguse tena, hata siku utakayomwomba alipige.

Jioni ya leo litoe kwenye kasha, kaa naye mkekani. Mwache agonge ule uzi mnene mara moja, kisha msikilize pamoja mpaka sauti iishe.