Kuwezeshwa na Ndugu: Fundisho Kutoka kwa Barnaba

Neno "kuwezesha" limekuwa la kawaida katika semina, katika maandiko ya miradi na hata katika mahubiri yetu. Kwa kuwa latumika sana, yafaa tuulize maana yake. Sarufi yenyewe yatusaidia. Tusemapo kwamba mama anamlisha mtoto, mama ndiye anayetenda, lakini anayekula ni mtoto. Vivyo hivyo, kazi ya mwenye kuwezesha hukamilika pale mwenzake anapoweza. Msaada unaomwacha mtu akingojea msaada mwingine haustahili jina hilo.

Agano Jipya lina maneno mawili ya Kigiriki ambayo yapasa tuyatofautishe. Exousia ni mamlaka, yaani haki ya kuwa au kutenda jambo (Yn. 1:12). Dunamis ni nguvu, ambayo Bwana aliwaahidi mashahidi wake kwa kujiliwa na Roho Mtakatifu (Mdo. 1:8). Zote mbili zatoka kwa Mungu, wala hakuna mwanadamu awezaye kuzigawa kama mali yake. Hata hivyo Mungu hupenda kututegemeza kwa mikono ya ndugu, na Barnaba ni kielelezo chake.

Sauli alipofika Yerusalemu alikuwa amekwisha kuitwa na Kristo, lakini wanafunzi walimwogopa. Barnaba akamchukua, akampeleka kwa mitume na kumshuhudia (Mdo. 9:26-27). Baadaye akamfuata Tarso, wakafundisha pamoja Antiokia mwaka mzima (Mdo. 11:25-26). Tuangalie pia mpangilio wa majina: kwanza Barnaba anatajwa mbele ya Sauli (Mdo. 13:2), muda si mrefu Paulo ndiye anayetangulia (Mdo. 13:13). Hatusomi popote kwamba Barnaba alinung'unika. Hata Marko, ambaye Paulo alimkataa na Barnaba akamchukua (Mdo. 15:37-39), mwishowe anaitwa na Paulo yuleyule kwa kuwa anafaa kwa utumishi (2 Tim. 4:11).

Luther naye, katika Ibara za Smalkald (1537), anayahesabu mazungumzo na faraja ya ndugu miongoni mwa njia ambazo Injili hutufikia, pamoja na mahubiri, Ubatizo, Meza ya Bwana na Ufunguo. Basi kutegemezana si pambo la maisha ya Kanisa.

Jambo hili latugusa kwa karibu. Mwaka 1990 Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania liliridhia wanawake wabarikiwe kuwa wachungaji. Huo ulikuwa uamuzi juu ya mamlaka. Lakini mchungaji mwanamke anayekuta wazee wa usharika wakimtilia shaka anahitaji pia mtumishi mwenzake atakayesimama mbele ya baraza na kumshuhudia, kama Barnaba alivyofanya. Ndivyo ilivyo kwa mwinjilisti aliyetumika nasi miaka mingi bila kuachiwa kuongoza hata kikao kimoja.

Kwa hiyo na tujihoji. Tunapohamishwa kutoka usharika mmoja, ni nani anayeliweza leo jambo ambalo hakuliweza tulipofika? Na sisi wenyewe, ni ndugu gani tunayeweza kumweleza udhaifu wetu? Mchungaji anayekataa kutegemezwa hatajua jinsi ya kumtegemeza mwingine. Atajua kutawala tu.