Kambi, kutembea porini na kuvua samaki karibu na Dar: Jua kwanza eneo ni la nani

Wikiendi ndefu ikikaribia, magrupu ya WhatsApp kuanzia Tegeta hadi Mbagala huanza michango. Huyu ana hema la kuazima, yule analeta jiko la mkaa, na hakosekani mmoja wa kusema atabeba mshipi na ndoana. Mpango unanoga, ila swali moja husahaulika: huko mnakoenda ni eneo la nani?

Jibu la swali hilo ndilo linaloamua kama mnaruhusiwa kulala, kama moto mtakaowasha ni halali, na kama samaki mtakayemvua atakuwa kitoweo au kidhibiti.

Taasisi nne, sheria tofauti

Watu wengi huita kila eneo lenye miti na wanyama "hifadhi". Kisheria hayafanani, na kila aina ina msimamizi wake.

• Hifadhi za Taifa ziko chini ya TANAPA. Kwa mkazi wa Dar, zinazofikika kwa barabara ni Saadani, Mikumi na Nyerere.

• Hifadhi za misitu zinasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu (TFS). Hapa kuna Pugu-Kazimzumbwi upande wa Kisarawe, na Vikindu upande wa Mkuranga, ukishapita Mbagala na Kongowe.

• Mapori ya akiba yako chini ya TAWA. Wengi hawajui kwamba Dar yenyewe inalo moja: Pande, upande wa Mabwepande na Mbezi.

• Hifadhi za bahari na maeneo tengefu zina kitengo chake, chini ya wizara inayoshughulikia uvuvi. Bongoyo, Mbudya na Sinda zipo hapa.

Kwa hiyo kibali au risiti ya sehemu moja haikusaidii kwingine. Aliyelipia Pugu hajalipia Pande, hata kama zote ni "msitu tu" machoni pake.

Mbona Mbudya huruhusiwi kuvua?

Hapa ndipo wengi wanapochemka. Mtu anaona bahari pande zote, anajiuliza nani atamzuia kutupa ndoana.

Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini vilitangazwa kuwa maeneo tengefu mwaka 1975. Visiwa vya upande wa Kigamboni, yaani Sinda, Kendwa na Makatube, viliongezwa mwaka 2007. Leo vyote vinaangukia kwenye Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya mwaka 1994.

Tofauti iko kwenye jina. Kwenye *hifadhi ya bahari*, kama Mafia, eneo limegawanywa kwa kanda. Wanavijiji wanaoishi humo wanaendelea kuvua kwenye baadhi ya kanda kwa masharti. Kwenye *eneo tengefu*, kama Mbudya, hakuna kuvua. Haijalishi umekuja na nyavu, mshipi au mkuki. Kuokota makombe, viti vya pweza na vipande vya matumbawe kupeleka nyumbani nako hakuruhusiwi.

Sababu yake inamgusa hata asiyewahi kupanda boti. Chewa au changu mkubwa hutaga mayai mengi kuliko wadogo kadhaa wakiwekwa pamoja. Samaki akiachwa akue ndani ya eneo lililofungwa, mayai na vifaranga vyake husombwa na mkondo hadi nje ya mipaka, na wakubwa nao huhamia huko wakizidi. Huko ndiko wanakovua watu wa Kunduchi, Ununio, Msasani na Mjimwema.

Bahari hii pia imeumia. Kwa miongo mingi mwambao wa Dar ulipigwa na uvuvi wa baruti, ambao huua samaki wa kila umri na kuvunja matumbawe wanamojificha. Tumbawe lililovunjika hujijenga taratibu sana. Sehemu zilizofungwa ndizo akiba iliyobaki.

Vipi kuhusu samaki anayechomwa na kuuzwa kisiwani? Huyo anatakiwa awe amevuliwa nje ya mipaka na mvuvi mwenye leseni. Kula ruksa.

Basi ukitaka kuvua uende wapi?

Nje ya maeneo tengefu, Sheria ya Uvuvi ya 2003 inataka mvuvi awe na leseni. Pa kuanzia ni kwa afisa uvuvi wa halmashauri yako, au toka na wenyeji wenye chombo na leseni. Atakuambia pia zana zipi zimepigwa marufuku.

Kwenye hifadhi za taifa usibahatishe. Ziko chache zenye uvuvi wa burudani kwa kibali maalumu, kama Rubondo kule Ziwa Victoria, ambako watu hufuata sangara. Mto Wami na Mto Rufiji ni habari nyingine: vina mamba na viboko. Ukingoni mwa mito hiyo si mahali pa kukaa na ndoana usiku.

Pugu: lala, lakini acha panga nyumbani

Pugu-Kazimzumbwi ndiyo rahisi kufika kwa wakazi wa Gongo la Mboto, Temeke na Ilala. Unapita Pugu Kajiungeni kuelekea Kisarawe. Kuna njia za kutembea kwa miguu, na kuna mapango yaliyochimbwa kutafuta kaolini, udongo mweupe wa kutengenezea vyombo vya kauri. Sasa ni makazi ya popo.

Kambi inawekwa sehemu iliyopangwa, si popote unapoona kivuli. Kukata kuni ni kosa, na moto unawashwa kwa ruhusa mahali ulipoonyeshwa. Msitu huu umekatwa kwa mkaa na mashamba kwa miaka mingi, na moto mmoja wa kiangazi unaweza kumaliza kilichobaki.

Anayedhani hilo halimhusu aangalie Mto Msimbazi. Unaanzia vilima vya Pugu, unapita mjini hadi Jangwani na kuingia baharini karibu na Daraja la Selander. Miti ikipungua juu, mvua haizami ardhini, inateremka kwa kasi na mchanga wake. Wa kwanza kulipa ni mwenye nyumba bondeni.

Kutembea: si kila hifadhi unashuka kwenye gari

Mikumi barabara kuu ya kwenda Iringa inakatiza hifadhini, lakini hiyo si ruhusa ya kushuka kupiga selfie na twiga. Ndani ya hifadhi unashuka sehemu zilizotengwa tu, na kutembea kwa miguu ni kwa kibali na askari mwenye silaha.

Wanaotaka kupanda milima wana Udzungwa, hifadhi inayotembelewa kwa miguu, yenye maporomoko ya Sanje yenye urefu wa mita 170 hivi. Kwa bajeti ndogo kuna Milima ya Uluguru. Tangu treni ya SGR ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro mwaka 2024, safari imekuwa fupi. Chukua kiongozi wa hapo mjini Morogoro, kwa sababu ukungu hushuka ghafla na njia zinagawanyika.

Kabla hujatoka nyumbani

• Piga simu kwa msimamizi wa eneo. Uliza mambo manne: kiingilio, ada ya kulala, moto, na kiongozi.

• Kiingilio na ada ya kambi mara nyingi ni malipo mawili tofauti. Lipa kwa namba ya malipo ya serikali, si kwenye simu ya mtu binafsi. Tunza ujumbe wa malipo.

• Beba kitambulisho cha NIDA. Viwango vya raia ni vya chini kuliko vya wageni.

• Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019. Tumia ya kitambaa, na taka zako rudi nazo.

• Kwa visiwani, angalia upepo na maji. Msimu wa kusi bahari huchafuka, na siku za bamvua maji hupanda juu zaidi ufukweni, kwa hiyo hema lisiwe karibu na maji. Boti isiyo na jaketi la kuokolea kwa kila abiria, usipande.

• Mwachie mtu wa nyumbani jina la eneo, namba ya msimamizi na saa mnayotarajia kurudi. Mtandao porini hukata.

Msimamizi akisema eneo limefungwa kwa mvua za masika, sogeza tarehe. Michango itunzeni, hema lirudisheni kwa mwenyewe, mtaliazima tena mvua zikikatika.